Amin Niliyoitikia

Saidi bin Hamed amefariki Jumatatu iliyopita huko Mabela, na mie nilikuwa sijakanyaga nyumba yake kwa miaka minane, nikisingizia magoti. Siku ya pili ya azaa, yaani matanga, mjukuu wangu Ilham alinipeleka kwa gari yake. Mabela ya leo siijui, nyumba zote nyeupe, zote mpya, zote zina geti la namna moja, na kwanza tuliingia kwenye nyumba ya watu wengine kabisa, wakatupa kahawa na tende kabla hatujafahamiana kwamba kwao hakuna aliyekufa. Tulipofika kwa Saidi nikakaa ukutani pamoja na wakubwa wenzangu. Rahma, binti yake wa pekee, akanibusu kichwa, akasema, "Bibi Zuwena, baba alikuwa akikutaja." Sikumuuliza akinitaja kwa lipi. Nikapokea kikombe cha kahawa, nikakishika mpaka kikapoa.

Baadaye akanijia Grace, mwanamke wa Kenya aliyemuuguza Saidi miaka sita ya mwisho, ana mfuko wa duka mkononi. Akainama mpaka sikioni kwangu. "Mama, pole sana. Hii mzee aliniwachia. Aliniambia, Bi Zuwena akikuja umpatie, yeye ndiye aliishona. Mimi nilikuwa nangoja tu ukuje." Nilitia mkono ndani ya mfuko, na kabla macho hayajaona vidole vilikwisha jua. Bahameli nyeusi, mashimo mawili ya macho yaliyozungushiwa uzi mwekundu. Rahma alikuwa anatutazama. "Kinyago hicho, bibi. Zamani nilikiona sandukuni mwake chini kabisa, kimefungwa ndani ya shuka. Cha nini?" Nikamwambia, "Cha mchezo wa zamani, mwanangu." Nikakitia mkobani, maana miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu kukikunjua mbele ya watu. Njia nzima ya kurudi Ilham alikuwa akizungumza na simu yake, na mie nilikuwa Hamriya, mtaa wetu wa kwanza, katika mwaka ule mmoja ambao sijamhadithia mtu. Mume alijua kidogo, naye kesha tangulia.

Hamriya nilikaa vyumba viwili vyenye uwa mmoja na Bi Zeyana binti Mbaruku, mama yake Saidi. Nilikuwa mgeni mjini, katika nchi ya Waarabu. Mume wangu alikuwa kazini jangwani, anarudi mara moja kwa mwezi, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma si cha kununulia samaki. Wanawake wa mtaa wote walikuwa watu wa kwetu, waliotoka Unguja na Pemba, lakini wametangulia kufika, wanajuana, wana mazungumzo yao. Nikiingia wananisogezea mkeka, wananipa kahawa, kisha wanaendelea palepale walipoishia. Bi Zeyana peke yake ndiye aliyekuwa akinambia, "Kaa karibu, Zuwena, usikae mlangoni kama mdai." Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, ana tundu la pua lililoziba kwa kutovaa kipini. Kazi yake kushona kofia za mkono. Alikuwa mashoto, kwa hivyo mshono wake ulilalia upande wa pili, na wauza kofia wa Matrah walikuwa wakijua kofia ya Bi Zeyana hata ikichanganywa na mia. Wengine wakimcheka. Yeye husema, "Nyie nyote mwashona kwenda, mie nashona kurudi." Nilijifunza mengi kwa kuutazama mkono ule. Mie skuli niliishia darasa la tatu. Barua ya mtu hunichukua asubuhi nzima, lakini nipe nguo yoyote nikwambie nani kaishona, alikuwa na haraka au la, na uzi ulimwishia wapi.

Saidi alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, mchukuzi bandarini, mabega kama mlango. Ndiye aliyenipeleka kwa Ustadh Fikri. Huyu alikuwa Mmisri mfupi, mnene, mwenye sauti ya kadhi wa harusi ya matajiri, aliyekuja na wazo lake la mieleka ya kuonyeshwa kwenye televisheni kila Alkhamisi baada ya Magharibi, maana siku hizo mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Mchezo aliuita Mashujaa wa Alkhamisi. Alikodi bohari la saruji lililokuwa tupu Hamriya, akaweka ulingo katikati, mbao chini, magunia ya pamba juu yake, kisha turubai. Alitaka mshoni. Saidi akanitafsiria: "Anauliza unaweza kushona." Nikasema naweza. "Anauliza unaweza kunyamaza." Hilo nalo nikasema naweza, kwa haraka, bila ya kulifikiri.

Majina yao nayakumbuka yote, na nitayataja hata kama hayana kazi katika khabari hii, kwa sababu sidhani kama yupo mwengine wa kuyataja. Shahdad Mbulushi, ndiye shujaa, wakimwita Simba wa Matrah. Ghulam, Hashil, Murad mdogo, Khamis Mrefu. Mahfudh alikuwa refa. Na Saidi alikuwa Mulaththam, yaani mtu aliyefunika uso, mwovu wa wote, apigaye watu kwa nyuma, atiaye vidole machoni. Uso wake usionekane na jina lake lisijulikane, hiyo ndiyo ilikuwa sharti ya kwanza. Sharti ya pili ndiyo iliyonishtua: mambo yote yalipangwa. Walikuwa wakikaa kwenye sinia moja la wali na samaki na ndimu, siku ya Jumanne adhuhuri, kabla watu wa kamera hawajaja kupiga picha za kuonyeshwa Alkhamisi, na Ustadh Fikri huku anachambua miba huuliza, "Leo nani anaanguka?" Ghulam husema, "Mie nimeanguka wiki iliyopita, mgongo bado." Basi wanagawana maanguko kama watu wanavyogawana zamu ya kuchota maji. Shahdad, yule simba, alikuwa mtu mwoga wa kuumiza. Kila akimbwaga mtu humnong'oneza, "Nimekuumiza, yakhe?" Nilikuwa nikimwona midomo ikitikisika, na watu ukumbini wakidhani anatukana.

Ndani ya kinyago cha Saidi, juu ya paji la uso, nilishona kijaluba cha kitambaa kutiwa kifuko cha sharbati nyekundu, ile ya Ramadhani. Akipigwa hapo hupasuka, na watu wakaona damu. Shida yake ni kwamba sisimizi walikuwa wakikipenda kinyago kile kuliko chochote mle bohari. Kila Jumanne nilianza kazi kwa kukikung'uta, na mara moja hatukukikung'uta vizuri, Mulaththam akapigana dakika kumi nzima akijikuna kichwa, na mtangazaji akasema ana wazimu.

Mchezo ulipanda haraka. Mwezi wa kwanza watu walikuwa wachache, wa nne hapana pa kukanyaga. Wenye maduka Hamriya waligeuza televisheni zao zitazame barabarani, na Alkhamisi jioni magari hayapiti. Mzee mmoja alitoka Nizwa na fimbo yake kuja kumsaidia Shahdad, akaingia mpaka kambani, Mahfudh akamshika kwa adabu akamkalisha mbele. Mzee akamwahidi Shahdad ngamia. Watu walikuwa wakimtupia Mulaththam makubadhi, na mchezo ukisha Mahfudh huyakusanya yote akayapanga mlangoni, na wenyewe wanarudi mmoja mmoja, wameinamisha nyuso, kila mtu anatafuta la kwake. Sijapata kuona tena watu wazima wakiwa na furaha namna ile.

Ustadh Fikri alinipa televisheni nikae nayo nyumbani ili nione nguo zinavyotoka. Hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka. Uwani kwetu hakukuwa na nyengine. Alkhamisi ya kwanza walikuja wanawake wanne, ya tatu walikuwa kumi na wawili, wamekaa mpaka kwenye kizingiti, na mie ndiye mwenye nyumba, mie ndiye ninayetia kahawa, mie ndiye ninayeulizwa. "Zuwena, eti Shahdad kaoa?" "Zuwena, wewe unawashonea, yule Mulaththam ni mtu wa wapi?" Nikawa nacheka kama mtu anayejua na hasemi. Niliizoea ladha ile. Sasa ndiyo naweza kusema: niliipenda kuliko nilivyompenda Saidi, aliyeniletea.

Bi Zeyana alikaa mbele kabisa, kofia mapajani. Mwanawe alimwambia kwamba jioni za Jumanne ni mtunza bohari la saruji, naye akasadiki, kwani nguo zake zilikuwa na vumbi kweli. Mama huyu ambaye sijamsikia akimkaripia hata paka, Mulaththam akitokea hubadilika. Anaweka sindano chini. "Mwangalieni mwanakhizaya huyu. Mwangalieni anavyompiga mtoto wa watu kwa nyuma. Huyu hana mama huyu, angekuwa na mama asingefunika uso." Wanawake wanacheka, wanamchochea. Halima, mke wa Salum wa duka la mafuta ya taa, ndiye aliyekuwa akimchochea khasa. "Mwapize, Bi Zeyana, dua yako haikosi." Naye huinua mikono yake miwili, ule wa kushoto juu zaidi, akasema, "Ewe Mola, mguu huo anaowapigia wenziwe uvunje." Na wote: "Amin."

Alkhamisi moja mvua ilinyesha, Saidi hakuweza kutoka kama alivyozoea, akakaa nyuma yetu mlangoni na kikombe chake. Alijiangalia mwenyewe, na mama yake yuko mbele anamwapiza yule anayemwona. "Saidi mwanangu, hebu mtazame huyu mlaanifu." Saidi akasema, "Namwona, mama." Na mie nilijifunika uso kwa kanga nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Niliona ni jambo la kuchekesha kuliko yote niliyoyaona tangu nifike nchi hii. Jumanne iliyofuata, ninamfunga kinyago kwa nyuma, nikawahadithia wenziwe bohari zima. "Mama yake kamwombea avunjike mguu, na wanawake kumi na wawili wameitikia amin." Ghulam alicheka akalala chini. Shahdad hakucheka. Akamwambia Saidi, "Dua ya mama si mchezo, ndugu yangu." Tangu siku ile Saidi akakataa kuruka.

Nieleze kuruka. Mulaththam alikuwa akipanda kwenye pembe ya ulingo, juu ya kamba ya tatu, anasimama pale watu wanazomea, kisha anajitupa. Mwenziwe chini anapinduka, na Saidi anaangukia mikono na kifua, turubai linalia kama bunduki. Ndilo jambo watu walilolijia. Wiki tatu akawa anapanda nusu, anashuka. Ustadh Fikri akahamaki, maana kituo kimekubali kuonyesha pambano moja hewani papo hapo, Shahdad na Mulaththam, na bila ya kuruka hakuna pambano.

Siku mbili kabla, Saidi alinijia chumbani kwangu, ninashona pindo la joho la Shahdad. Hakukaa. Akasema, "Da Zuwena, nna haja kwako. Nenda kwa mama. Usimwambie kama ni mie, akijua atakufa kwa aibu. Mwambie tu amsamehe yule mtu. Aseme kwa mdomo wake, nimemsamehe. Nikijua kasema, mie nitaruka." Nikamwambia, "Saidi, huyo anamwapiza Mulaththam, hakuapizi wewe." Akanitazama. "Kwani mguu ni wa nani?" Nikamwahidi. Wallahi nilipoahidi nilikuwa nimekusudia.

Nilimkuta Bi Zeyana uwani, kaketi na Halima na wengine watatu, wanachambua mchele wa boko... hapana, ilikuwa ngano, ya kupondwa na nyama iwe boko boko ya karamu ya arobaini ya mtoto mchanga wa Halima. Wakanipa nafasi katikati, si mlangoni. Nikatia mkono katika sinia, nikachambua nao. Khabari yenyewe ilikuwa pambano. Nikawa nangojea mwanya. Nilikuwa nimeyapanga maneno: Bi Zeyana, na yule naye ni mwana wa mtu, msamehe. Maneno machache tu. Lakini nikawaza wataniuliza kwa nini, na Halima atanitazama kwa yale macho yake, na Alkhamisi haitakuwa tena Alkhamisi. Mara Bi Zeyana mwenyewe akanigeukia. "Wewe unamwona kwa karibu, Zuwena. Niambie kweli, ni mtu mbaya vile, au mie namwonea?" Aliniuliza hivyo. Mlango aliufungua yeye mwenyewe. Na mie, wanawake wanne wananitazama, nikasema, "Anastahili." Wakacheka kwa raha. Bi Zeyana akainua mikono, ngano imemganda vidoleni, akasema dua yake ileile ya mguu. Wakaitikia amin. Nami nikaitikia. Kwa sauti, si chini ya wengine.

Saidi alikuwa akiningoja nje ya bohari. "Kasemaje?" Nikasema, "Kasema kamsamehe." "Kwa maneno hayohayo?" "Kwa maneno hayohayo." Uso wake ulifunguka kama uso wa mtoto. Akaingia ndani akala sinia zima na Khamis Mrefu, akasema Alkhamisi ataruka mpaka waone visigino vyake. Nimejiambia miaka yote kwamba nilidanganya ili nimtulize. Si kweli. Nilidanganya kwa sababu ya uvivu wa kuona haya.

Siku ya pambano nilimwachia Bi Zeyana ufunguo wa chumba changu ili wao watazame, mie nikawa bohari, nimesimama karibu na pembe na mkasi wangu na sindano, kama kawaida. Saidi akapanda. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama pale juu, watu wanamzomea, makubadhi yanapita, naye akafungua mikono. Sijamwona mtu mwepesi vile. Kisha akajitupa. Baadaye walisema ubao chini ya turubai ulikuwa umekwisha kuchanika na Ustadh Fikri alikuwa akijua. Huenda. Mie nilichosikia ni mlio ambao haukuwa wa turubai. Shahdad akapinduka, akanong'ona kama kawaida yake, halafu akauliza tena kwa sauti: "Nimekuumiza?" Wakati yeye hakumgusa.

Paja lilikuwa limevunjika, mguu umelala upande ambao mguu haulali. Mahfudh aliwaashiria wa kamera wazime, lakini ilichukua muda. Zilipozimika nikaingia ulingoni kwa magoti. Alikuwa hapati pumzi ndani ya kinyago, sharbati imemwingia puani, nikakikata kwa nyuma kutoka shingoni mpaka utosini nikamvua. Akanitafuta kwa macho. "Da Zuwena. Si ulisema kasamehe?" Nikasema, "Kasema, Saidi." Ya pili hiyo. Kisha Shahdad akambeba mikononi peke yake, anatoka naye mlangoni kwenye pikapu, machozi yanamtoka, anambusu paji la uso mbele ya watu wote waliokuja kumwona akimuua. Hilo ndilo lililoumaliza mchezo. Kuvunjika mguu watu wangekusahau. Hawakuweza kusahau simba anamlilia adui yake. Wiki moja mji mzima ukafahamu. Shahdad alikuwa akipigiwa kelele muongo, muongo, sokoni Matrah, mpaka akahamia Sohar akaendesha teksi. Kituo kikaonyesha mashairi Alkhamisi. Yule mzee wa Nizwa, nimeambiwa, alikaa mlangoni pa bohari siku nzima na fimbo yake, hakugombana na mtu, akaondoka. Ustadh Fikri akasafiri bila ya kuaga. Bohari likawa la matairi, na lilikuwa hivyo mpaka lilipobomolewa.

Halima alinihadithia yaliyokuwa chumbani kwangu. Mulaththam alipoanguka asinyanyuke, wanawake walipiga vigelegele, na Bi Zeyana ndiye aliyeanza. Kisha kamera ikasogea, ukaonekana mkono wake kwa karibu, unapiga turubai kwa maumivu. "Mwenzako akanyamaza ghafla," Halima akasema, "akaiweka kofia chini, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Nikamwambia, Bi Zeyana, dua yako imepokewa. Akatoka hata viatu hakuvaa." Mie nililisikia hilo nikaliweka mbali. Bi Zeyana aliambiwa kwamba mwanawe kaangukiwa na magunia ya saruji bohari, siku ileile, saa ileile, na hakuuliza swali hata moja. Akapewa nguo za mwanawe ndani ya mfuko pale spitali. Miezi minne akenda na kurudi kwa miguu na chakula chake, na Saidi alipotoka alikuwa mtu wa mkongojo, na ndivyo alivyokuwa mpaka Jumatatu.

Alkhamisi moja, televisheni imefungwa na kufunikwa kitambaa, Bi Zeyana alikuja akakaa mahali pake pa zamani. Tulikuwa wawili tu. Nikamtilia kahawa. Akasema, "Leo hakuna." Nikasema hakuna. "Na yule Mulaththam?" Nikasema, "Hatujui alipo." Akazungusha kikombe. "Popote alipo, mie nimemsamehe. Naye anisamehe." Akanitazama, akaendelea kunitazama, muda mrefu kuliko inavyokuwa adabu. "Nawe, Zuwena? Huna la kusema?" Nikasema, "Mie sikuwa na ugomvi naye, Bi Zeyana." Akaweka kikombe chini, kimejaa vilevile. Hakuja tena kukaa chumbani kwangu, ingawa kila Ramadhani mpaka alipokufa aliniletea bakuli la boko boko, kwa mkono wake, lina moto, na kila mara aliniuliza afya yangu na ya wanangu kwa majina.

Basi Jumatano ile, niliporudi kutoka Mabela, nilivaa miwani nikakaa dirishani nikakitoa kinyago mkobani. Bahameli imechakaa, kijaluba changu bado kimo ndani, kimekauka, chekundu cheusi. Nikakigeuza nyuma niuone mkato wa mkasi wangu. Haukuwepo. Ulikuwa umeshonwa. Kutoka shingoni mpaka utosini, uzi mweusi, vishono vidogo kama vya kofia, vyote sawa, hakuna alipokuwa na haraka. Vyote vimelalia upande wa pili. Nikatia kidole juu yake nikaufuata mpaka mwisho. Pale uzi ulipofungwa palikuwa na fundo lake la mara tatu, alilonifundisha mwenyewe. Kumbe alikitoa katika ule mfuko wa spitali. Alijua, akakaa akakishona, akampa mwanawe, na hilo ndilo neno ambalo Saidi alinituma nikalitafute. Hawakunihitajia. Na aliyejua Mulaththam ni nani, alijua pia kwamba mie ninajua, na kwamba niliitikia nikijua. Alinifungulia mlango mara mbili, uwani na chumbani kwangu, na mara zote mbili nikajifanya siuoni. Miaka yote ile lile bakuli, sijui lilikuwa msamaha au lilikuwa swali lilelile. Kwenye nguo ningejua. Kwenye chakula siwezi kusoma.

Kesho yake ilikuwa Alkhamisi, siku ya mwisho ya azaa. Nilimwomba Rahma tukae jikoni, Grace akatupisha. Nikamweleza yote kama nilivyoyasimulia hapa, hata lile la kucheka ndani ya kanga. Hakunikatiza. Nilipokwisha alikuwa anakitazama kinyago. "Baba mguu ulikuwa ukimuuma kila baridi," akasema. Halafu: "Kila nikimuuliza nimwite nani aje kumtazama, alisema, Zuwena atakuja mwenyewe." Nikangojea aseme jengine. Akakichukua kinyago tukarudi kwa watu.

Bi Sharifa, mwalimu wao wa chuoni, akafunga kisomo, akainua mikono kumwombea. Ewe Mola msamehe Saidi bin Hamed, mtanulie kaburi lake, na mama yake, na kila aliyemkosea. Chumba kizima kikaitikia. Mie tangu mwaka ule, kwenye dua za watu huitikia moyoni tu. Mwenyewe nimejizoesha, hakuna aliyewahi kugundua. Safari hii nilikuwa nataka kulitamka neno, na mdomo ukawa mzito, na nilipolitoa wenzangu walikwisha jipangusa nyuso. Amin ikatoka peke yake, kwa sauti, si chini ya ile ya kwanza. Wanawake wakanigeukia. Rahma hakugeuka. Alikuwa kakipakata kinyago, kidole chake kinapita polepole juu ya ule mshono wa kurudi.